Njia ya Baba ya Kubadilisha Ndege

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Safari hii naandika badala ya kupiga, maana mara zote za karibuni Baba ameweka simu kwenye spika, wewe unajibu kama mtu anayehojiwa polisi, na tunaishia kuulizana hali ya hewa. Kwa barua pepe tutakuwa wawili tu.

Viza ya Baba inaisha mwezi wa sita. Nataka aje mwezi wa tano amwone mjukuu wake, ambaye sasa anakaa bila kushikwa na ana meno mawili ya kung'atia watu. Ndege ya moja kwa moja kutoka huko hadi huku haipo, lazima abadilishe. Nimetafuta weee, nimebaki na njia tatu.

Ya kwanza ni kubadilisha mara moja, kwenye uwanja mkubwa, na nafasi kati ya ndege na ndege ni saa moja na kitu. Kampuni ni moja, mzigo unapitiliza hadi huku, yeye anabeba mkoba wake tu. Ya pili anabadilisha mara mbili, lakini kwenye viwanja vidogo visivyo na pilikapilika. Ya tatu ni mara moja, ila anakaa pale katikati saa tisa nzima akisubiri ndege ya pili.

Mimi naona ya kwanza. Baba si mtu wa kusubiri, unamjua. Mtu aliyezibua mabomba ya mji mzima kwa miaka thelathini hatashindwa kutembea kutoka geti moja hadi jingine.

Niambie unaonaje, ili tiketi zisije zikapanda.

Mdogo wako,
Kitinda


9 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeisoma hapa kibandani, cherehani ikiwa imezimwa na wateja wawili wananikodolea macho. Nimefurahi kusikia habari za meno.

Kuhusu hizo njia. Ya kwanza haifai. Wewe umeondoka siku nyingi, umesahau kwamba ndege za huku kuruka kwa wakati ni ajabu ya kusimuliwa. Ikichelewa nusu saa tu, Baba ataikuta ile ya pili imeshainua mkia. Ya pili ndiyo usiiseme kabisa; kubadilisha mara mbili ni kumpa mtu nafasi mbili za kupotea. Na hiyo ya tatu, saa tisa, mzee akae wapi? Ale nini? Nani atamwambia sasa inuka twende?

Kwani lazima awe mwezi wa tano? Viza huombwa upya. Na kama ni lazima, kwa nini usije mwenyewe ukamchukua? Mtoto hajawahi kukanyaga kwao. Ungekuja, ukapumzika wiki mbili, mkaondoka wote watatu. Hapo hata mkipita viwanja kumi sina neno.

Baba hajambo. Anakusalimu.

Dada yako


13 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako, nikaiacha, nikairudia. Ya saa moja ni fupi, ya saa tisa ni ndefu, ya viwanja viwili ni vingi. Nikikuletea ya saa tatu utaniambia uwanja hauna viti. Unaongea kama mtu anayetafuta sababu, na asiyetaka kwenda harusini hasemi hana nguo?

Haya, nimefanya utafiti zaidi. Kampuni zote zina huduma ya kiti cha magurudumu. Unaiomba wakati wa kununua tiketi, hailipiwi. Baba akishuka tu anamkuta mtu mlangoni, anakalishwa, anasukumwa, anapitishwa ukaguzi bila foleni, anaachwa mbele ya geti lake. Kazi yake ni kukaa tu. Nimewaona wazee wamechoka kuliko Baba wakifika huku kwa njia hiyo wakitabasamu.

Kuhusu mimi kuja, haiwezekani sasa. Kazi. Pale ninapotunza wazee tumepungua, likizo zimesimamishwa. Usiniulize tena hilo, tafadhali.

Naomba unijibu swali moja tu. Nikimpigia Baba ananiambia, "Mimi mzima kama chuma," kisha unamnyang'anya simu. Kwa nini? Mwezi uliopita nilisema naomba niongee naye peke yangu, ukasema amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi kwenu. Tangu lini Baba akalala saa nne asubuhi?

Kitinda


15 Machi

Kitinda,

Kiti cha magurudumu sikitaki. Miguu ya Baba ni mizima, kuliko yangu. Hicho kiti kitamfikisha getini, kisha anayesukuma ataenda kumsukuma mwingine, na mzee atabaki pale peke yake. Sitaki abaki pale peke yake. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kuulizana maswali, nami ninayo. Shemeji yuko wapi? Barua ya mwaliko iliyoombewa viza aliiandika yeye, kwa mkono wake, "Karibu sana Baba mkwe." Tangu mtoto azaliwe sijamwona kwenye picha hata moja. Nikimsalimia kupitia kwako unasema zimefika, lakini hazirudi. Picha ya juzi umekaa kwenye chumba ambacho si kile cha zamani. Dirisha lile sikulijua, na nyuma yako kuna jiko na kitanda mahali pamoja. Mimi ni fundi nguo, mwanamke akiingia kibandani najua kiuno chake kabla sijashika futi. Usidhani macho yangu yanaishia kwenye vitambaa.

Unataka nimpakie Baba kwenye ndege aende kwa mtu ambaye hataki kuniambia anaishi wapi na nani. Wewe ungekuwa mimi ungempakia?

Dada yako


24 Machi

Dada,

Ninaishi wapi na nani si hoja. Hoja ni hii.

Nimeongea na Mama Mapacha, jirani yako. Sikumchokonoa, ni yeye aliyenipigia. Ananiambia unamfungia Baba ndani. Kila asubuhi ukienda kibandani unatia kufuli kwenye geti, kufuli kubwa kama la ghala, na Baba anabaki uani ameshika nondo kama mahabusu hadi mchana unaporudi. Anasema watu wa mtaa mzima wanaona, na wananyamaza kwa kuwa wanakuheshimu.

Sikuamini. Nikamwambia labda geti limeharibika. Akacheka, si kicheko cha furaha.

Baba yetu, Dada. Aliyekuwa akiingia na kutoka kila nyumba ya mji ule bila kubisha hodi kwa sababu kila mtu alimhitaji. Unamfungia kama mbuzi, halafu unaniambia uwanja wa ndege ni hatari kwake.

Kwa hiyo nimeamua bila wewe. Tiketi nimeshainunua, ile ya kwanza, ya saa moja na kitu, tarehe kumi na moja Mei. Nimemtumia wakala wa tiketi aliye juu ya duka la dawa, atakuchapishia. Kazi yako ni kumfikisha uwanjani tu. Ukishindwa, Mama Mapacha amesema atampeleka yeye.

Kitinda


26 Machi

Kitinda,

Kufuli nimelinunua mimi, ufunguo ninao shingoni, na sitaomba msamaha kwa mtu anayeishi ng'ambo na kuletewa habari na Mama Mapacha. Mwambie akupe na habari za wanawe, tusikie kama naye ataweza kuziongea.

Tiketi yako nimeiona kwa wakala. Nimemwambia aiweke kwanza. Baba hapandi ndege hiyo.

Dada yako


Jumatatu

Kwa binti yangu Kitinda,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Nampa jirani kupitia getini aipige picha akutumie, maana simu yangu imepotea au wameiweka mahali.

Nimesikia nakuja kwako. Usiwe na wasiwasi juu ya kubadilisha ndege. Mimi nimefanya kazi na watu wa kila namna na sijawahi kupotea njia. Nitakuja na spana zangu zote mbili. Niambie bomba za huko zinapita chini ya ardhi au ukutani, na koki kuu mmeiweka wapi. Watu wengi hawajui koki kuu yao iko wapi mpaka siku maji yanapojaa sebuleni.

Hapa kuna mwanamke mmoja ananisumbua kidogo lakini si mbaya. Anapika vizuri.

Usiwe na wasiwasi juu ya kubadilisha ndege. Sijawahi kupotea njia. Nitakuja na spana zangu.

Mama yako ameshafunga mizigo tangu jana, tunakuja wote wawili. Anauliza kama huko kuna baridi.

Baba yako,
Fundi Mkuu wa Maji


2 Aprili

Dada,

Jana nilipata barua ya Baba. Nimeiambatanisha hapa.

Nilianza kuisoma nikiwa nacheka, pale kwenye spana. Nilipofika kwa Mama nikakaa chini. Mama tumemzika mwaka wa nne huu, na Baba ndiye aliyenishika mkono pale kaburini kwa sababu nilikuwa siwezi kusimama.

Dada, huyo mwanamke anayepika vizuri ni wewe?

Niambie. Sitagomba.

Kitinda


5 Aprili

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Si kila siku. Siku nyingine anaamka ananiita kwa jina langu, anauliza kibanda kinaendaje, anaikosoa chai yangu, ananyoosha vidole nimkate kucha. Siku hizo ndizo nilizokuwa nampa simu aongee nawe. Akishasema "mzima kama chuma" namnyang'anya kabla hajaharibu, maana baada ya hapo ataanza kukuuliza umerudi saa ngapi kutoka shule.

Ilianza mwaka juzi. Kwanza vitu vidogo. Kisha akaanza kutoka. Anavaa ile sare yake ya kazi, anachukua spana, anaingia kwenye nyumba za watu na kufunga koki zao za maji. Anasema kuna bomba limepasuka huko juu na lazima mtaa wote ufungwe. Watu walicheka mwanzoni. Nyumba yenye saluni ilikaa bila maji asubuhi nzima, bibi harusi akiwa na dawa kichwani, hapo hawakucheka. Siku nyingine nilimkuta amesimama katikati ya barabara kuu, magari yanamkwepa huku na huku, anatafuta mfuniko wa chemba. Nilimshika mkono akanisukuma, akauliza mimi ni nani hata nimzuie kazini. Kesho yake nikanunua kufuli.

Mama Mapacha anayajua yote haya. Nyumba yake ilifungiwa maji mara mbili. Amekupa nusu ya habari akala nusu iliyobaki.

Sikukuambia kwa sababu Baba alinikataza. Alipokwenda kwa daktari akili zake zilikuwa bado timamu, akaelewa alichoambiwa. Tukiwa tunarudi alisimama njiani akasema, "Yule mdogo asijue. Yeye anikumbuke hivi nilivyo." Nikamwahidi. Halafu yeye mwenyewe akasahau kwamba aliniomba, mimi nikabaki na ahadi peke yangu.

Sasa unaelewa kuhusu njia zako tatu. Nilikuwa nasoma ile barua nikimwona ameshuka kwenye ndege, watu wote wanaelekea upande mmoja, yeye anaelekea kule anakosikia maji. Kwa saa moja asingejua anakwenda wapi. Kwa saa tisa angetoka hata nje ya uwanja. Na mtu wa kiti angemwacha getini, na Baba angeinuka.

Dada yako


8 Aprili

Dada yangu,

Nimelia, kisha nimejionea aibu, kisha nimelia tena.

Unajua kazi yangu ni nini? Kila siku nawavisha soksi wazee wa watu wenye ugonjwa huohuo. Nawajua kwa kuwatazama wanavyoshika kijiko. Mlango wa pale kazini unafungwa kwa namba za siri ili wasitoke, nami nimezizoea hizo namba, nazibonyeza bila kufikiri. Halafu nikakuandikia habari za mbuzi. Nisamehe neno hilo.

Nawe unanidai majibu. Shemeji yako aliondoka mtoto akiwa na wiki sita. Yuko mji mwingine, na mtu mwingine. Nilikuwa naishi hapa kwa karatasi zilizotegemea ndoa, sasa nimeomba za kwangu mwenyewe na sijajibiwa. Wakati nasubiri ninaruhusiwa kufanya kazi, lakini nikivuka mpaka tu, ombi langu linakufa na sirudi tena. Ndiyo maana sikuweza kuja kumchukua. Likizo zipo, Dada. Mpaka ndio siwezi kuuvuka. Naishi kwenye chumba kimoja, jiko na kitanda mahali pamoja, uliona sawasawa. Sikutaka uniambie kwamba ulimjua yule mwanamume tangu siku ya kwanza, kwa sababu kweli ulimjua.

Wakikataa ombi langu sijui itakuwaje. Lakini viza ya Baba bado ipo, na leo bado kuna siku anazotujua. Naomba umlete. Akiingia kabla viza haijaisha anaruhusiwa kukaa miezi mitatu, na miezi hiyo nitamtunza mimi, wenzangu wa kazini wameshakubali ashinde pale nikiwa zamu. Kazi hii ndiyo ninayoijua. Nawe upumzike, ulale bila ufunguo shingoni.

Sema tu tutampitisha wapi. Safari hii chagua wewe.

Mdogo wako


17 Aprili

Kitinda,

Sikuwa na mpango wa kukwambia neno kuhusu shemeji. Nilikuwa na mawili, nimeyameza.

Nimeshinda kwa wakala siku tatu kama nimeajiriwa. Viza ya kwenu siwezi kuipata kabla ya mwezi wa sita, hilo limefungwa. Lakini kuna jambo ambalo sisi wote hatukuliona. Ili kukaa ndani ya uwanja ule wa katikati, bila kutoka mlango wa nje, sihitaji viza yoyote. Ninaweza kupanda na Baba hadi pale, nikakaa naye, nikampakia kwenye ndege ya pili, kisha nikapanda ndege ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo nachukua ile ya saa tisa. Ile fupi isingenipa nafasi ya kuhakikisha, na nikichelewa naye tunakwama wote wawili. Saa tisa zinatosha ale, alale, akasirike na apoe. Kutoka pale hadi kwako hakuna kubadilisha tena. Akiingia mlango wa ndege hana pa kutokea isipokuwa kwako. Wakala ameongea na kampuni, wamebadilisha tiketi uliyonunua. Watamkalisha karibu na wahudumu, na mimi nitamkabidhi getini mkono kwa mkono. Wamesema huko lazima apokewe na mtu aliyeandikwa jina. Nimekuandika wewe.

Sasa nakuuliza jambo moja, na usinune. Utakuwepo? Sisemi huwezi. Nasema umenificha miezi yote hii, nami nimekuficha miaka miwili, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nataka uniandikie kwa maneno yako kwamba utakuwepo.

Dada yako


18 Aprili

Dada,

Nitakuwepo kabla ndege haijatua, na mtoto mgongoni. Hata wakinifukuza nchi hii kesho yake, siku ile nitakuwa nimesimama pale.

Kitinda


11 Mei, uwanjani

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye viti vya getini, na Baba ameshapanda. Nakuandikia sasa kwa sababu nikifika nyumbani nitakuwa mtu mwingine, nitajifanya haikuwa kitu.

Spana walimnyang'anya kwenye ukaguzi wa kwanza, kule kwetu. Alimwambia yule askari kijana atie sahihi kwamba amezipokea. Kijana alitia sahihi, Mungu ambariki.

Humu ndani ni kama mji uliofunikwa bati. Nilimshika mkono tangu tulipotoka mlango wa ndege na sikumwachia, hata yeye akasema ninambana kama mtu anayemdai. Shida ilikuwa chooni. Siwezi kuingia naye, nikasimama mlangoni nikiomba. Alikawia mno. Nikamtuma mfagizi akamwangalie, akarudi akicheka: Baba alikuwa akipitia bomba moja moja, zile zinazojifungua zenyewe ukisogeza mkono, anatafuta koki iko wapi. Alipotoka alikuwa amelowa hadi kiwikoni na amefurahi kuliko nilivyomwona mwaka huu wote. Tukarudi mara nne. Saa tisa nilizokuwa naziogopa zilikwisha nikiwa bado nazitaka.

Kuna wakati alilala begani kwangu. Alipoamka alinitazama kwa muda, nikajua ni siku ya kutojulikana. Akaniuliza kwa adabu, kama unavyomuuliza jirani ndani ya gari, ninasafiri kwenda wapi. Nikamwambia ninamsindikiza mtu. Akasema mtu huyo ana bahati.

Walipoita ndege yake, mhudumu alikuja kumchukua kama tulivyokubaliana, binti mkubwa mwenye sauti ya upole. Nikamwambia Baba aende naye. Akaenda. Hakusumbua hata kidogo. Ndiyo iliyoniuma, Kitinda. Nilijiandaa kwa kelele, nilikuwa nimeshawaonya, na yeye akaondoka tu akimweleza yule binti habari za presha ya maji. Kwenye kona aligeuka akatazama nyuma, akatazama watu wote pale getini mmoja baada ya mwingine, kisha akapotea.

Sijui alikuwa akimtafuta nani. Niliinua mkono, lakini sidhani kama aliuona.

Ndege yangu bado. Umeahidi utakuwepo, na bado moyo wangu unanung'unika kwamba hutakuwepo. Ukiisoma hii niondolee shaka, hata kwa neno moja.

Dada yako


12 Mei

Dada yangu,

Amefika. Nilikuwepo. Hilo kwanza, ukilisoma upumue.

Alitoka mlangoni na mhudumu, amevaa koti lake limefungwa vifungo vyote kama anakwenda ofisini kwa mkubwa. Nilitia sahihi nikakabidhiwa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema "karibu Baba" bila kulia, na nilishindwa. Alinitazama, akamtazama mtoto, akamgusa shavu kwa kidole kimoja, akasema ni mtoto mzuri. Hakuuliza ni wa nani.

Nikamshika mkono nikamwambia twende nyumbani. Akakataa kusogea. Nikadhani amechoka, nikamtafutia kiti, akakataa kiti. Nikaanza kuogopa, nikatumia ile sauti yangu ya kazini, ya kubembeleza. Akanikatiza.

"Hatuondoki," akasema. "Kuna mtu wetu amebaki kule."

"Nani amebaki, Baba?"

Alifikiri sana. Niliona anatafuta jina, anaingia chumba hiki na kutoka chumba kile, halipo. Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao.

"Yule binti anayenikata kucha," akasema. "Tulikuwa naye. Nimegeuka simwoni. Rudini mkamchukue, hajui njia za huku."

Nilitaka kumwambia kwamba wewe, Dada, umeshageuza kurudi kwetu, ndivyo tunavyofundishwa, kumtuliza mzee kwa maneno mafupi ya kweli. Badala yake nilitoa simu. Nilikupigia, simu yako ilikuwa imezimwa, bado ulikuwa angani.

Basi tukakaa kwenye viti vya chuma vinavyotazama mlango wa wanaofika. Baba akampakata mtoto, mtoto akalala kifuani kwake. Kila mlango ulipofunguka Baba aliinua kichwa. Nilifikiri angesahau baada ya dakika chache, kama wanavyosahau wote. Hakusahau. Chai nilimnunulia, ikapoa mkononi mwake. Ndege tatu zilitoa watu wake wote, wakapokewa, wakaenda zao.

Sikumhimiza tena, Dada. Tulikaa pale tukikusubiri, ingawa mmoja wetu alijua huji.

Mdogo wako,
Kitinda